DADA MASITI: MAMA WA BARAWA ALIYEKOMBOLEWA MARA MBILI



Ndugu msomaji, Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha tena kwenye mwezi wa Ramadhan. Wako tuliosimama nao safu moja ya taraweh mwaka jana na leo wako chini ya udongo. Mola awarehemu, na sisi atupe mwisho mwema. Amin.

Katika kurasa hizi nataka nikusimulie maisha ya mama mmoja wa Barawa aliyefariki mwaka 1919. Shuleni huenda hukumsoma, kwa sababu vitabu vyetu vya historia vimejaa masultani, magavana na wapelelezi wa Kizungu. Lakini muulize Mbarawa yeyote, awe yuko Mombasa au yuko London, atakutajia jina lake kabla hujamaliza swali. Anaitwa Dada Masiti.

Mbona nimemchagua yeye? Kwa sababu sisi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera neno uhuru haliishi mdomoni mwetu. Tunataka uhuru wa kutembea bila kusumbuliwa, uhuru wa kusoma, uhuru wa kufanya kazi popote nchini. Ni haki yetu na hakuna ubaya. Lakini kuna uhuru mwingine ambao hakuna serikali inayoweza kukupa wala kukunyima, nao ni uhuru wa moyo. Mama huyu alipokonywa uhuru wa kwanza akiwa msichana, akaupata tena kwa mkono wa mtu mwingine. Wa pili ilibidi autafute mwenyewe. Twende naye polepole.

ALITOKA WAPI

Barawa ni mji wa bandari ulioko kusini mwa Somalia, kati ya Mogadishu na Kismayu. Wenyewe wanauita Miini, na lugha yao ni Chimiini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili chetu. Ukimsikiliza Mbarawa akizungumza utashika neno hapa na pale, halafu lingine litakupita, halafu ghafla utaelewa sentensi nzima! Sisi huku tunaochanganya Kisomali na Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka usiku tungekaa Barawa bila kuona ugeni mkubwa.

Hapo ndipo alipozaliwa Mana Sitti binti Habib Jamaluddin, mwanzoni mwa karne ya 19. Ni kutoka jina hilo la Mana Sitti ndipo likapatikana Masiti. Na hilo neno "Dada" lisikupoteze: kwa Chimiini maana yake ni bibi, yaani ayeeyo. Watu walimwita hivyo kwa heshima alipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo Dada Masiti ni Bibi Masiti.

Alikuwa sharifu. Upande wa baba yake ni ukoo wa Mahdali, watu wanaonasibishwa na kizazi cha Mtume (s.a.w.). Nakuomba uliweke jambo hili akilini. Huyu hakuwa mtoto asiye na kwao. Alikuwa na nasaba, alikuwa na jamaa, alikuwa na jina katika mji. Na yaliyompata yalimpata pamoja na hayo yote.

MIAKA KUMI YA UTUMWA

Akiwa bado msichana mdogo alichukuliwa kutoka kwao. Wanaosimulia hawakubaliani namna gani: kuna wanaosema alitekwa, na kuna wanaosema alihadaiwa na mtu aliyetaka kumuoa ilhali familia imekataa. Mwisho wake lakini ni mmoja. Aliishia Unguja, na huko akaishi katika utumwa kiasi cha miaka kumi.

Ndugu yangu, usilipite neno hili haraka. Unguja ya wakati ule ndiyo iliyokuwa soko kubwa la watumwa katika pwani yetu yote. Watu waliletwa kutoka bara, wakauzwa, wengine wakabaki kwenye mashamba ya karafuu na wengine wakapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, na hata hapo utumwa wenyewe ulibaki ukitambuliwa kisheria hadi mwaka 1897. Masiti alikuwa huko miaka mingi kabla ya tarehe zote mbili. Hakukuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko. Mtumwa hakulala alipotaka, hakula alichotaka, na aliamka kwa amri ya mwingine. Masiti, binti sharifu, nasaba yake haikumfaa kitu kule, kwa sababu aliyeko ugenini bila jamaa ni nani atakayemuamini akisema mimi ni binti wa fulani?

Basi akakaa. Mwaka mmoja, miwili, mitano, mpaka kumi.

KUKOMBOLEWA MARA YA KWANZA

Aliyemtoa ni binamu yake upande wa mama, Omar Qullatten. Ndiye aliyempata na kumrudisha Barawa.

Mimi napenda sana sehemu hii, na nasikitika kwamba wengi wakimtaja Dada Masiti huruka hapa na kwenda moja kwa moja kwenye ucha Mungu wake. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Balad anatueleza kuhusu njia nzito ya mlimani, na jambo la kwanza analolitaja katika kuipanda ni kumkomboa mtumwa. Kisha ndio anataja kumlisha yatima na masikini siku ya njaa. Omar Qullatten aliupanda mlima huo. Hakukaa Barawa akamuombea dua tu, halafu akasema hii ni qadar tunamuachia Mola.

Kwa hiyo kijana akikwambia kwamba kutafuta utulivu wa moyo ni kukubali dhulma, mkumbushe Omar Qullatten. Aliyefungwa anahitaji mtu wa kumfungulia. Hilo ni la kwanza, na halina mbadala.

KURUDI NYUMBANI

Haya, sasa amerudi. Ni mtu huru, yuko mjini kwao, anasikia Chimiini tena mlangoni. Je, kazi imekwisha?

Hapa fikiria kidogo. Mtu aliyeishi miaka kumi chini ya amri ya mwingine, akifunguliwa leo, kesho asubuhi bado anashtuka akisikia hatua za mtu nje. Anabaki na woga, anabaki na hasira, anabaki na aibu ya jambo ambalo si kosa lake. Na mji mdogo una macho mengi na midomo mingi. Wewe na mimi tunaijua miji midogo. Kamba ya mkononi hukatwa kwa kisu siku moja. Ya moyoni haikatwi na mtu wa nje.

Dada Masiti hakuyatumia maisha yaliyobaki kulipiza wala kunung'unika. Aligeukia elimu na ibada. Alisoma dini kwa masheikh wa mji wake mpaka yeye mwenyewe akahesabiwa katika watu wa elimu, na akaingia katika tarika ya Qadiriyya, ile inayonasibishwa na Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad aliyefariki mwaka 1166. Siku hizo tarika hiyo ilikuwa ikienea kwa nguvu katika pwani ya Benadir. Barawa hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Sheikh Uways, aliyezaliwa mwaka 1847, akaenda Baghdad kusoma, akarudi na kuifikisha Qadiriyya mpaka Unguja na bara ya Tanganyika.

Najua ndugu zangu kwamba huku kwetu kutaja tarika ni kufungua mlango wa mjadala. Siandiki haya ili tubishane, na hasa si katika mwezi huu. Tuchukue kile ambacho hakuna Muislamu anayekikataa: kwamba moyo unahitaji kusafishwa, na kwamba mtu anatakiwa aijue nafsi yake na kuihesabu.

ELIMU YA KUJIJUA

Siku hizi utasikia habari za kukaa kimya, kufunga macho, kufuatilia pumzi, na watu wanalipa pesa kufundishwa. Vijana wengine wanadhani ni kitu kigeni kilicholetwa jana. Kumbe wanachuoni wetu waliiandika elimu ya kuichunga nafsi karne nyingi nyuma. Imam Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din ameweka mlango mzima kuhusu jambo hili na akaupangia daraja sita. Leo tuchukue tatu tu za mwanzo. Yeye ametumia mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake. Mimi nitauleta kwenye soko letu la mifugo hapa Garissa ili uuone vizuri.

Ya kwanza ni musharata, yaani kuwekeana sharti. Asubuhi mwenye mali anamkabidhi mtu wake mbuzi. Hamuachi aende tu. Wanapatana: ni hawa kumi, usishuke bei hii, jioni tuonane. Na wewe alfajiri baada ya swala ipe nafsi yako masharti ya siku. Leo ulimi huu hautasengenya. Leo macho haya yana mpaka.

Ya pili ni muraqaba, kuchunga. Mwenye mali haendi kulala. Anapita sokoni anaangalia. Nawe katikati ya siku uiangalie nafsi yako inafanya nini, huku ukijua kwamba Mwenyezi Mungu anakuona. Hasira ikipanda, itambue inapopanda, kabla haijafika mdomoni. Ukiweza kuiona hasira yako ikija kama unavyoliona gari likija barabarani, una nafasi ya kukaa pembeni. Asiyeiona ndiye anayegongwa.

Ya tatu ni muhasaba, hesabu. Jioni mbuzi wanahesabiwa na pesa zinahesabiwa. Faida ishukuriwe, hasara ijulikane imetoka wapi. Kabla ya kulala kaa dakika chache, kimya, uipitie siku yako. Hapo hakuna wa kumdanganya.

Na linaloyashika yote haya ni dhikri. Surat Ar-Ra'd inatufundisha kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Sio kwa kusahau matatizo, bali kwa kumkumbuka Yeye aliye mkubwa kuliko matatizo. Ukisema La ilaha illallah kwa kuelewa, umetangaza kwamba hakuna bwana mwingine juu ya moyo wako. Sasa lifikirie neno hilo likitoka kwenye kinywa cha mama aliyewahi kuwa na bwana aliyemmiliki kama kitu. Mimi na wewe tunalisema kwa mazoea. Yeye alikuwa anajua uzito wake.

MASHAIRI YAKE

Elimu ile haikubaki kwake peke yake. Dada Masiti alitunga mashairi ya dini, steenzi kama wanavyoziita kwao, na alizitunga kwa Chimiini. Angeweza mtu kusema dini ni Kiarabu tu. Lakini wanawake wengi wa mji hawakuwa na nafasi ya kusoma Kiarabu. Kwa kutunga katika lugha ya jikoni na ya uani, aliwafikishia elimu pale walipo. Walizihifadhi, wakaziimba katika mikusanyiko yao, na mama akamfunza binti. Ndiyo njia iliyozifikisha hadi zama zetu.

Ndani ya tungo zake hakuchoka kukumbusha juu ya mauti, juu ya dunia inayopita, juu ya mtu kujiandaa kabla safari haijamfika. Linalojulikana zaidi ni lile alilotunga mwaka 1909 alipofariki Sheikh Nureni Ahmed Sabir, mwanachuoni mkubwa wa Barawa. Yeye wakati huo alikuwa ajuza mwenye umri mkubwa sana. Mwaka huo huo wa 1909 Sheikh Uways naye aliuawa huko Biyoley. Yaani mji ulipoteza nguzo juu ya nguzo, na sauti ya mama mzee ndiyo iliyowashika watu mkono na kuwaambia kwamba hii ndiyo njia ya kila aliye hai.

Utasema mbona huyu anazungumzia kifo sana, je, huo ni uhuru? Ndiyo, ndugu yangu, tena hapo ndipo penyewe. Anayeogopa kufa ovyo ovyo ni rahisi kutishwa na kila mtu. Lakini aliyekikubali kifo akajiandaa nacho, utamtisha na nini tena?

Alifariki Julai 1919, akiwa na umri unaokaribia miaka 100. Aliyetolewa mjini akiwa msichana akafanywa mtumwa, aliagwa na mji huo huo kama walii, mwalimu na bibi wa wote. Allah amrehemu.

YALIYOKUJA BAADAYE

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, Wabarawa walitimka. Wengi walipanda majahazi na kufika Mombasa. Mwaka huo huo wakimbizi wengine walikuwa wakivuka mpaka kwa miguu kuingia mkoa wetu, na ndipo zilipoanza kambi za Dadaab. Baadaye Wabarawa wakatawanyika hadi Uingereza na Marekani. Mji wenyewe ukaja kukaliwa na Al-Shabaab kwa miaka kadhaa, mpaka Oktoba 2014 walipotolewa na jeshi la Somalia na majeshi ya Umoja wa Afrika.

Waliacha nyumba, waliacha mitumbwi, waliacha makaburi ya wazee wao. Tungo za Dada Masiti hawakuziacha, kwa sababu hazikuwa kabatini, zilikuwa kifuani. Kilichomo kifuani hakikaguliwi mpakani.

NA SISI JE?

Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tunajua kubanwa. Muulize mzee wako akusimulie Novemba 1980, Bulla Kartasi ilipochomwa hapa Garissa. Muulize kuhusu sheria ya hali ya hatari iliyokaa juu yetu hadi mwaka 1991. Muulize mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipolazimishwa kuhakikiwa upya na kupewa kadi ya rangi ya waridi, ati ndiyo ithibitishe kwamba ni Wakenya. Ilichukua hadi mwaka 2025 ndio serikali ikatangaza kuondoa ule uchunguzi maalumu wa vitambulisho kwa vijana wa huku. Hayo yalipatikana kwa watu kusema na kufuatilia, miaka na miaka. Walikuwa kina Omar Qullatten wetu.

Lakini nakuuliza, wewe uliye na kitambulisho mfukoni leo, uko huru? Simu ikilia kidogo tu mkono unaruka, hata imamu yuko kwenye khutba. Mirungu ikichelewa kufika mtu anatukana watoto wake. Neno moja la ukabila likitupwa kwenye kikundi cha WhatsApp, vijana hamsini wanawaka kama petroli na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani aliyeliwasha na kwa faida ya nani. Anayeweza kukukasirisha wakati wowote anaotaka, amekumiliki. Na wale wanaowavuta vijana kwenye umwagaji damu kwa jina la dini wanaanzia hapo hapo: wanatafuta moyo uliojaa hasira ambao mwenyewe haujui, kisha wanauongoza kama ng'ombe mwenye kamba puani.

Basi Ramadhan hii, dada yangu na ndugu yangu, tufanye machache yanayowezekana. Baada ya swala ya alfajiri usikimbilie kitandani wala kwenye simu. Kaa dakika kumi na dhikri yako, polepole, huku moyo ukisikiliza ulimi. Mchana, kila unapohisi njaa au hasira, sema moyoni hii ni njaa, hii ni hasira, na mimi nimefunga. Usiku baada ya taraweh, kabla ya kulala, fanya hesabu yako. Na kumi la mwisho, ukijaliwa, ingia itikafu hata siku moja au mbili, simu uiache nyumbani kwa mama. Siku ya kwanza utaona kelele zote zilizomo ndani yako zimeamka. Usitishike, usitoke. Zilikuwepo siku zote, ni vile tu ulikuwa huzisikii.

Na kama jirani yako kuna aliyefungwa na kitu, iwe ni deni, ni dhulma au ni mirungu, usimwambie asubiri tu atulize moyo. Nenda ukamsaidie kufungua. Kuna ukombozi ambao Dada Masiti aliupata kwa mkono wa jamaa yake, na kuna ule alioutafuta mwenyewe juu ya mswala. Tunahitaji yote mawili.

Ewe Mola wetu, wakomboe waliofungwa, zikomboe nyoyo zetu zisiwe watumwa wa yeyote ila Wewe, mrehemu Dada Masiti na wazee wetu waliotangulia, na utukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.